Stop loss ni jiwe la nyuma ya gurudumu: nilivyofundishwa na mke wangu njia ya Awasse

Wakuu, salamu kutoka Palma, ng'ambo ya Ruvuma, huku kwenye gesi.

Haya yamenikuta mwenyewe. Mke wangu yupo pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Mimi ni mpishi kambini Afungi, ndani ya uzio. Mwenzangu wa jikoni alinionjesha forex, kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, nikanogewa.

Lengo langu lilikuwa moja tu: friza. Mke wangu, mama Zainabu, anataka kuuza barafu na maji baridi kwa vibarua, na nilishamwahidi mbele ya mama yake. Ahadi mbele ya mkwe, mnaijua wenyewe.

Sasa kosa langu. Kwa wageni, stop loss ni amri unayoiacha: bei ikigeuka ikafika pale ulipoiweka, trade inajifunga yenyewe. Mimi naiweka vizuri kabisa, ila bei ikiisogelea, naishusha. "Itarudi tu," najiambia.

Siku moja nilikuwa na faida ya friza nzima na mfuniko wake. Bei ikageuka, nikashusha. Ikafuata, nikashusha tena. Faida ikayeyuka, na mtaji kidogo ukaondoka nayo. Niliumia, na nyumbani sikusema.

Wiki hiyo hiyo tukaenda Awasse kwa mkwe, tumepanda lori la mihogo mikavu. Tulipoipita Olumbi mvua ikatushukia, na kwenye kilima gari likakwama. Abiria wote chini, kusukuma.

Nikapewa kazi ya jiwe. Gari likipanda hatua, unalisogeza jiwe nyuma ya gurudumu ili lisirudi lilikotoka. Kazi nyepesi, au siyo? Nikalibandika jiwe kwenye tairi kabisa.

"Usilibane, baba Zainabu!" mke wangu akapiga kelele. "Liachie nafasi, gari lirudi kidogo lipate nguvu."

Nikaliachia. Gari likapanda, nikasogeza. Likapanda, nikasogeza. Mara likateleza kurudi, nami kwa woga nikalinyakua jiwe nikaruka nalo nyuma!

"Ala! Gari linarudi, weye unalikimbiza jiwe? Sasa jiwe la nini?" mke wangu akafoka.

Watu walicheka mpaka wakaacha kusukuma. Mimi nimesimama na tope magotini, nacheka kuliko wote, maana nilijiona mzima mzima. Hivyo ndivyo ninavyofanya na stop loss! Njiani nikamsimulia yote. Alininunia mpaka kwa mama yake, kisha akasema, "Haya, safari hii ushike jiwe."

Tuliporudi nikanunua euro dhidi ya dola. Bei ikapanda, nikaivusha stop juu ya pale nilipoingilia, nikaiachia nafasi. Ikapanda tena, nikasogeza tena. Siku ya tatu, kabla ya zamu, nikasogeza mara ya mwisho, nikaacha simu getini kama sheria inavyotaka.

Wakuu, siku ile, kwa kuiwaza bei, nilitia chumvi kwenye chai ya wazungu.

Jioni nikawasha simu. Euro ilikuwa imeanguka vibaya, chini kabisa ya nilipoanzia. Nikafungua trade: imefungwa kwenye stop, na faida ya friza imo!

Nikarukaruka pale getini: "Jiwe limeshika! Jiwe limeshika!"

Mlinzi, mtu wa kusini, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akalikamata neno moja tu. "Jiwe? Pedra? Nani katupa pedra?" Wakaja watatu. Mfuko wangu ukakaguliwa, wakakuta mkate na soksi. Nilijieleza kwa Kireno cha jikoni mpaka mmoja akaniuliza hiyo euro inanunuliwaje.

Friza imefika juzi. Sakafu yetu imeinama, friza ikawa inayumba. Mama Zainabu akatoka nje, akarudi na jiwe, akalipachika chini ya mguu wa friza.

Nikamuuliza, "Na hili nilisogeze?"

"Hili ukiligusa, utalala nje."

Nilichojifunza: ukiwa kwenye faida, jiwe lifuate gari kwenda juu, liachie nafasi, na gari likirudi usikimbie nalo. Siyo kila trade itakupa friza. Mbili baada ya hii zimenitoa patupu, ila zilinitoa mapema.

Haya, na nyinyi semeni bila aibu: nani mwingine hapa huwa anakimbia na jiwe?