Upinde wa Mtu Mmoja

Pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli walimwita Dada Pasi, kwa kuwa mashine kubwa ya kunyoosha ilikuwa yake peke yake. Mashine yenyewe kongwe, kaidi. Ukikosea kukanyaga pedeli, inameza shuka. Aliyeisogelea alifukuzwa kama kuku jikoni. "Toa mkono hapo, utaniharibia!" Nao wakautoa kwa furaha, nani anapenda kuchomwa na mvuke?

Sasa miguu ilikuwa imemvimba, mwili wote umechoka, na bintiye alikuwa amempigia simu akilia: "Mama, nakaribia kujifungua. Njoo uwe nami." Akaenda kuomba ruhusa.

"Sikukatazi," bosi akasema. "Lakini mashine nitamwachia nani?"

Akarudi kazini. Wakati wa chakula alijitupa juu ya furushi la mashuka machafu, akafungua gemu lake la vita kwenye simu. Jeshini alikuwa na bibi mmoja mwenye mvi, na upinde ambao gemu halimruhusu mwingine yeyote kuushika. Upinde haukosei! Basi kila vita akamtanguliza bibi, wengine wamekaa nyuma wanapunga upepo. Leo adui alikuja kwa milango miwili. Bibi akazuia mmoja. Kwenye wa pili wale wengine wakaanguka wote.

Mama Pacha, mkunja taulo, akachungulia. "Umepigwa tena, mwenzangu?"

"Hawa wengine ni bure kabisa."

"Watajulia wapi, na hujawahi kuwapeleka vitani? Kidole kimoja hakivunji chawa."

Maskini, yeye alizungumzia gemu tu. Lakini Dada Pasi maneno yale yalimchoma, akajikasirikia. Ule upinde, waliowazuia wengine kuushika ni waliotengeneza gemu. Mashine hii, nani aliwazuia wengine kuigusa?

"Mama Pacha, njoo ukanyage pedeli."

"Mimi? Mimi huyu?"

"Wewe huyo."

Shuka la kwanza likamezwa. La pili likatoka limeungua katikati, na harufu ikamtoa bosi ofisini. "Nini hiki? Dada Pasi, hebu shika mashine yako!"

Mama Pacha alikuwa ameganda, machozi yanamlengalenga. Dada Pasi akanyanyuka nusu, mikono inamwasha. Akarudi chini taratibu, akaikalia yote miwili.

"Weka lingine," akamwambia Mama Pacha.