Haidar na Mlingoti wa Finkling ya Juu

Haidar bin Seif alikuwa msimamizi wa nyumba nane zilizozungushiwa ukuta mmoja huko Sulimaniyah, Riyadh, na wakaazi wake wote walikuwa Wajerumani wa kijiji kimoja. Sisemi wa nchi moja. Wa kijiji kimoja. Kampuni yao ya pampu za maji ilikuwa na kiwanda kwao Finkling ya Juu, kijiji cha watu mia tatu na kumi na mbili kilichojibanza kwenye vilima vya misitu, na ilipopata kazi Saudia ilileta watu inaowajua, yaani binamu kwa binamu.

Haidar aliwapenda, ingawa aliwaona wana kasoro kidogo. Kila Jumamosi walifagia wenyewe mbele ya milango yao, kazi ambayo yeye ndiye anayelipwa kuifanya, kisha wakamwita aje akague. Naye alikagua, mikono nyuma, uso kaukunja, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Na kila Aprili walinunua gogo refu kwenye duka la mbao, wakalipaka rangi ya buluu na nyeupe na kulilaza uani likisubiri tarehe mosi Mei, siku ya kulisimamisha na kulizunguka wakicheza. Kwao bila mlingoti huo mwaka haujaanza.

Mwaka huo Aprili ilimkuta Haidar hana raha. Ikama yake, kibali cha ukaazi, ilikuwa inakaribia kwisha, na fomu ya kuihuisha ilikuwa na wiki nzima juu ya meza ya Bwana Gisbert, mkubwa wao mwenye masharubu, ikingoja sahihi. Haidar ana miaka hamsini na sita. Akikosa sahihi ile, kazi hana, na ruhusa ya kukaa hana.

"Haidar, shuf, tazama," alimwambia Gisbert kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Mpaka tarehe mosi, mlingoti usitoke getini. Ukitoka, aibu kijiji kizima. Mafi mchezo, hakuna."

"Hautoki, bosi."

Ijumaa ile Wajerumani wote wakaenda jangwani kutazama mawe. Baada ya sala ya adhuhuri likaja pikapu na wanaume watatu, Wajerumani vilevile, mashati yamepigwa pasi. Wakamsalimu kwa jina, wakamuuliza hali ya watoto, wakasema wamekuja kuchukua mlingoti. Haidar alijua kwamba wezi wapo duniani. Lakini mwizi gani huja mchana kweupe na shati la pasi, akauliza hali ya watoto, kisha akaiba mti? Isitoshe, mama yake hakumlea kumtazama mgeni akibeba mzigo peke yake. Akashika upande mnene. Alipoona wanavyofunga kamba kihuni akawafungulia, akaleta kamba yake, akafunga inavyopasa. Akawapa kahawa na tende. Mmoja akampiga picha akiwa ameukumbatia mlingoti, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Jioni Gisbert alisimama mbele ya uwanja mtupu, uso mwekundu. Mkewe alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika, na Haidar akaona amemliza mke wa watu. Mara simu ya Gisbert ikalia na picha ikaingia, Haidar na magego yake.

Ikabidi aelezwe. Wale walikuwa watu wa Finkling ya Chini, kijiji cha upande wa pili wa kilima, nao wanafanya kazi Jeddah katika kampuni hiyohiyo. Vijiji viwili hivi huibiana mlingoti tangu enzi za mababu. Polisi haitwi. Walioibiwa hupeleka chakula na vinywaji, wakaukomboa, wakachekwa mwaka mzima. Ndiyo mila. Haidar katika maelezo yote hayo alishika neno moja tu, kuchekwa.

"Na karatasi yangu, bosi?"

"Mlingoti kwanza. Karatasi tutazungumza."

Haidar hajawahi kuona jema likitoka katika "tutazungumza" ya bosi. Kesho yake akaomba ruhusa ya siku mbili, akaenda kituo cha mabasi cha Batha, akapanda basi la Jeddah.

Dada yake, Bi Wahida, alikaa Bani Malik, katika mtaa ule ule walikozaliwa wote wawili baada ya wazee wao kuja kutoka Unguja. Harusi za Wazanzibari wa Jeddah haziendi bila yeye. Wakwe wakigombana, yeye ndiye huitwa. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, akachezesha bangili.

"Kwa hiyo wamemfungia ndani, na hawamtoi mpaka wapewe kitu."

"Mlingoti, dada. Si mtu."

"Nimekufahamu. Hiyo si ndo kufunga mlango? Bwana harusi yuko nje, mashangazi washaweka mguu, hapiti mtu bila ya kifungua mlango. Hao Wadachi wana adabu zao kumbe. We ulitaka kwenda mikono mitupu?"

"Mie nlitaka kwenda kuwaomba."

"Kuomba? Utatutia aibu."

Siku ya pili, saa kumi za alasiri, Wajerumani wa Finkling ya Chini walifungua mlango wakakuta wanawake tisa wa Bani Malik, masinia ya biriani vichwani, kreti za bia isiyo na kilevi, na Haidar katikati kavalishwa kilemba. Vigelegele vikapigwa. Wale jamaa walikuwa wameshaiba na kuibiwa mara nyingi maishani, lakini hakuna aliyewahi kuwajia na vigelegele.

Walitaka chakula cha watu thelathini. Bi Wahida akatoa cha kumi na tano, akakaa kitako. Akauliza mlingoti umelala wapi, umefunikwa nini, nani kauangalia, na kwa nini rangi imechubuka. Waliposhindwa kueleza mchubuko akawatoza wao fidia. Baada ya saa moja wakakubali cha watu kumi na tano, na wao wenyewe waurudishe Riyadh wakiwa wameubeba mabegani kuanzia getini. Mmoja wao, jasho linamtoka, akampigia simu Gisbert.

Gisbert akaomba azungumze na Haidar.

"Haidar, kuna tatizo. Kwetu mlingoti hukombolewa na mtu wa kijiji. Mgeni akiukomboa, haihesabiki."

Haidar akajibu, "Basi halas, bosi. Nimefahamu."

"Hujafahamu. Tumekaa kikao, nyumba zote nane. Tumekuandika. Finkling ya Juu ina watu mia tatu na kumi na tatu. Na fomu nimeitia sahihi leo asubuhi, lakini hilo ni jambo dogo."

Haidar alizaliwa Jeddah, akasoma Jeddah, akaoa Jeddah, na katika miaka hamsini na sita kila karatasi aliyowahi kupewa ilimwandika mgeni. Alibaki ameshika simu hata baada ya kukatika.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Wahida.

"Kanambia mie ni mtu wa kwao."

"Kwao wapi? Umeshafika huko?"

"Sijafika. Nasikia ni miti mitupu."

Bi Wahida alitaka kumfanyia mzaha, akamtazama usoni, akaacha. Haidar alikuwa analia, kilemba kichwani, mbele ya Wajerumani na wanawake tisa, wala hakuona haja ya kugeuka ukutani.