Kamba Mbili za Colette

Eulalie, mshona nguo wa mtaa wa Nyalukemba aliyezaliwa Walungu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwaka wa themanini na mbili binti yake Colette, mtoto wa miaka sita, alipasuliwa makengeza. Bandeji zilipoondolewa macho yalikuwa yamenyooka, na majirani wakaja kumpongeza.

Lakini mtoto aliendelea kumwaga chai nje ya kikombe, na kwenye ngazi alipapasa kwa mguu kama anayetembea gizani.

"Macho imenyooka, lakini haiyajua kusaidiana," Valérie, muuguzi wa macho, alimwambia Eulalie. "Ubongo ilizoea kusikiliza moja tu, ingine ikalala. Sasa tutaiamusha."

Akampa kamba nyembamba yenye shanga tatu. Ncha moja ilifungwa mlangoni, nyingine Colette aliishika puani, kisha akazitazama shanga, moja baada ya nyingine. Kila jioni Eulalie aliacha cherehani, wakaketi.

"Unaona nini?"

"Kamba moja, maman."

Wiki zikapita, jibu likabaki lile lile.

Siku moja Colette akaitupa kamba, akalia. "Maman, kamba iko mbili!"

Domitille, mama mkwe wa Eulalie, alikuwa pale. "Niliwaambia musipeleke mutoto ku kisu! Sasa anaona vitu mbili mbili."

Eulalie aliikunja kamba, akaitia kabatini. Siku zile alishona vibaya. Gauni la mteja alilifumua na kulishona upya. Mwishowe akamshika mtoto mkono, wakaenda hospitalini bila kuaga mtu.

Valérie alimshikisha Colette kamba nyingine kama ile. "Hizo mbili zinakutana wapi?"

"Hapa, ku shanga nyekundu."

Muuguzi akacheka. "Maman Eulalie, ile ndiyo tulikuwa tunangojea! Jicho yenye ilikuwa inalala imeamuka. Kila moja inaona kamba yake, na zinakutana pale anaangalia."

Eulalie aliketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa kitenge.

Walifanya mazoezi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Si yote yaliyotengenea: Colette akichoka, jicho la kushoto liliteleza kidogo, na mpira uliotoka mbali ulimpita. Ila vya karibu alivipata. Domitille, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akazoea kumwita: "Colette, kuya unitungie uzi mu sindano."

Alikuja, akautunga, akarudi kucheza.