Maji Ndani ya Taa za Jethalal

Shem Ajwang aliendesha gari la Jethalal miaka yote ambayo mzee huyo alikuwa na duka la vitambaa katikati ya mji, Barabara ya Biashara. Asubuhi walitoka pamoja nyumbani kwa mzee, mtaa wa Parklands, jioni wakarudi pamoja. Lilikuwa Pijo 404 jeupe, na Jethalal hakukaa nyuma kama matajiri wengine. Alikaa mbele, kando ya dereva, mikono juu ya magoti, na mara nyingi hawakusemezana mpaka wafike.

Lakini baba yake Shem alipofariki huko kwao kijijini Gem na habari ikafika dukani, Jethalal alifunga duka mchana kweupe, akachukua ufunguo, akamwendesha Shem mwenyewe hadi stendi ya mabasi. Alikuwa dereva mbaya sana, njia nzima anasimamisha gari kwa kishindo. Akamshikia mfuko hadi mlangoni pa basi. Shem hakusahau jambo hilo. Mtu akimuuliza kwa nini haachi kazi ya Mhindi akatafute nyingine, alikuwa akimsimulia habari ya ule mfuko.

Mwaka wa 1970 Jethalal alinyimwa leseni ya biashara, kama Wahindi wengine wasio raia. Alizunguka maofisini wiki nyingi, akakaa kwenye mabenchi, akarudi. Mwishowe aliuza vitambaa vyote kwa bei ya kutupa, akakata tikiti za ndege za kwenda Uingereza, yeye na mkewe na binti yao Hansa. Nyumba ilibaki kwa ndugu yake mdogo, Ratilal, mtu mkimya asiyejua kuendesha hata baiskeli, ambaye maisha yake yalikuwa ni hekalu asubuhi na redio jioni.

Siku ya safari, Shem aliwapeleka uwanja wa ndege. Walipokwisha kushusha masanduku, Jethalal alimvuta kando.

"Shem, gari hii mimi siuzi," alisema. "Nikiuza, ni kama nimesema sirudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Wewe kaa nayo hapo nyumbani. Washa kila wiki. Kutu isiingie. Mimi nitakuja, mwaka moja, mwaka mbili."

"Utaikuta vile umeiacha," Shem akamwambia.

Akamtazama akiingia ndani na koti lake zito ambalo alikuwa amelivaa tayari, katika jua la Nairobi.

Basi Shem akabaki katika chumba chake cha wafanyakazi nyuma ya nyumba. Ratilal alimpa ujira mdogo wa kufagia ua na kulinda lango. Gari lilikaa chini ya banda la mabati lisilo na kuta, na kila Jumamosi Shem aliliwasha, akalisogeza mbele na nyuma ndani ya ua, akalipangusa. Kampuni moja ya watalii ilimtaka aendeshe magari yao hadi mbugani. Alikataa. Mkewe, Awiti, ambaye alikuwa amekuja kutoka Gem kuishi naye, alimuuliza sababu.

"Nimeachiwa kitu cha mtu," alisema.

"Na akirudi akute umezeeka hapo langoni?"

"Atarudi kabla ya hapo."

Mwanzoni Ratilal alikuwa akimwita na kumpa salamu kutoka Uingereza. Mzee anasalimu, mzee anauliza gari. Kisha salamu zikapungua, na Shem akawa ndiye anayeuliza.

"Mzee hajambo huko?"

"Huko baridi tu," Ratilal alijibu, na kurudi ndani kwenye redio yake.

Adui wa gari lile alikuwa mvua ya masika. Upepo uliisukuma mpaka chini ya banda, na gari lisilotembea halikauki. Mwaka wa kwanza Shem aliona vioo vya taa za mbele vimefanya ukungu kwa ndani, kama dirisha la jikoni sufuria inapochemka. Mwaka wa pili ukungu ule ukawa matone, na matone yakajikusanya chini ya kioo yakawa maji ya kuchezacheza. Kile kikombe cha ndani kinachong'aa na kurudisha mwanga kilianza kuota madoa ya kahawia. Shem alisikitika kama mtu aliyeona upele kwenye uso wa mtoto. Alilipeleka gari Grogani, mtaa wa magereji, kwa fundi wa taa aliyeitwa Isaiah.

"Mpira wa kuzungushia kioo umekauka, umepasuka," Isaiah alimwambia. "Na hapa chini kuna katundu ka kupumulia, kameziba matope. Hewa yenye maji inaingia, haina pa kutokea. Fungua taa, zikaushe juani, zibua hako katundu, tia mpira mpya. Lakini gari kama hili usiliweke tu, bwana. Litembeze. Taa zikiwaka, zinajikausha zenyewe."

"Si langu," Shem alisema.

"Kwani litajua?"

Shem hakulitembeza. Mpira mpya wa taa hizo haukupatikana katika maduka ya spea, ukawa unangojwa kutoka nje, na kwa hiyo kila masika alizifungua taa, akazikausha, akazirudisha na mpira ule ule wa zamani, akijua kwamba mvua ijayo ingezijaza tena.

Masika ya mwaka wa 1973 Awiti alikuwa mjamzito. Walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, na wawili waliotangulia walikuwa wametoka kabla ya kutimia. Huyu alikuwa amevuka mwezi wa saba, na Awiti alianza kumpangia majina, jambo ambalo hakulifanya kwa wale wengine.

Jumapili moja asubuhi jua lilitoka baada ya mvua za siku nyingi. Shem aliona ni nafasi yake. Alizitoa taa zote mbili, akamwaga maji, akavipanga vioo na vikombe vyake juu ya gunia kando ya ukuta. Mchana mawingu yakarudi, akaviingiza ndani, akaviweka mbali kidogo na jiko la makaa vipate joto. Awiti alikuwa amelala kitandani akilalamika mgongo.

Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni chupa ya uzazi ilipasuka. Mvua ilikuwa imeshika kasi. Shem alikimbia kwa jirani, Bi Zena, mama wa makamo kutoka Malindi aliyekuwa yaya katika nyumba ya pili. Bi Zena alimtazama Awiti mara moja tu.

"Mtoto anakuja, na siku zake bado," alisema. "Toa gari, mwanangu."

"Taa ziko nje ya gari, Bi Zena. Nipe kidogo nizifunge."

"Giza halijaingia."

"Litatukuta njiani, na mvua hii. Nikigonga mtu? Nikiliumiza gari la mzee?"

Bi Zena hakubishana. Alimsaidia Awiti kuamka, akamketisha kwenye kizingiti cha mlango, akamfunika kanga begani, wakangoja.

Shem alipiga magoti kwenye matope ya banda na bisibisi mkononi. Taa ya kulia iliingia. Ya kushoto ikakataa, pete yake ya nje ilikuwa imepinda kidogo. Skrubu moja ikamponyoka, ikaanguka topeni, naye akaanza kuipapasa kwa vidole. Ingewezekana kuiacha. Taa ingeshikwa na zile zilizobaki. Baadaye aliliwaza jambo hilo kuliko yote, lakini wakati ule akili yake ilimwambia kwamba kazi ile aimalize kama alivyoimaliza siku zote.

"Ajwang," Awiti aliita kutoka mlangoni. Hakupaza sauti. "Twende."

"Namaliza sasa hivi."

Aliipata skrubu. Akaikaza. Akawasha gari, akawasha taa, na taa ya kushoto ikajaa ukungu pale pale, kwa sababu mpira ulikuwa bado na unyevu na balbu imepata joto. Mwanga ulitoka kama unapita kwenye maziwa. Waliondoka hivyo hivyo, na sasa giza lilikuwa limeingia kweli.

Ngara barabara ilikuwa imefurika, magari yamesimama. Shem alisikia sauti ya mkewe nyuma yake, kisha sauti ya Bi Zena ikisema "taratibu, taratibu," kisha kilio kidogo chembamba. Aligeuka nusu.

"Tazama mbele," Bi Zena alimwambia.

Alikuwa mvulana. Walipofika hospitali ya wazazi alikuwa amenyamaza. Muuguzi alimchukua, akaenda naye ndani upesi, na alirudi mikono mitupu.

"Alikuwa mdogo, alihitaji joto na hewa," alisema. "Mngefika mapema kidogo tungejaribu."

Hakusema kwa ukali. Ilikuwa mwisho wa zamu yake na uso wake ulikuwa umechoka.

Awiti alilazwa siku chache. Aliporudi, alipita mbele ya banda akaona kiti cha nyuma cha gari kimesuguliwa kwa sabuni, na milango yote iko wazi kipate kukauka.

"Umeliosha," alisema.

"Nimeliosha."

Aliingia ndani akafunga nguo zake. Shem alimsindikiza hadi stendi, akampa mfuko wake mlangoni pa basi. Awiti alikaa Gem mpaka baada ya mavuno. Kisha siku moja akatokea langoni tena. Hakueleza kilichomrudisha, ila kwamba nyumbani watu waliuliza maswali mengi. Walianza kuishi tena pamoja, kwa adabu, kama wapangaji wawili. Kila Jumamosi Shem aliliwasha gari, na Awiti alikwenda kuketi kwa Bi Zena mpaka mngurumo ukome.

Mwaka wa 1975, mwezi wa Agosti, teksi ilisimama langoni akateremka mwanamke kijana aliyevaa suruali, nywele amezikata. Shem hakumjua mpaka alipotabasamu.

"Shem! Bado uko hapa?"

"Hansa? Karibu, mama. Mzee yuko wapi? Amekuja?"

Tabasamu lilimtoka. Alimtazama Shem, kisha akageuka kumtazama baba yake mdogo, Ratilal, ambaye alikuwa ametoka barazani na kusimama nyuma ya nguzo.

"Hamkumwambia?" Hansa aliuliza.

Ratilal aliangalia miguu yake.

"Baba alikufa, Shem," Hansa alisema. "Zamani. Kifua kilimshinda, ile baridi ya mwanzo wa sabini na mbili. Tuliandika. Nilifikiri wewe ndio mtu wa kwanza kuambiwa."

Shem aliendelea kushika komeo la lango. Baadaye alimwendea Ratilal barazani. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo haikupata njia ya kutokea.

"Bwana, nilikuuliza mara ngapi?"

"Nilifikiri ukijua utaondoka," Ratilal alisema. "Utaacha gari ioze. Na mimi nitabaki peke yangu hapa. Ilikuwa rahisi kusema huko ni baridi."

Hansa alikuwa amekuja kuuza nyumba na kila kilichomo, na kumchukua Ratilal waende naye. Gari lilinunuliwa na Nzomo, karani wa benki aliyekuwa akiishi Kilimani. Alilizunguka mara moja, akasifu rangi, akafungua milango. Aligonga kioo cha taa ya kushoto kwa ukucha.

"Hii ina maji?"

"Sasa hivi haina. Mvua ikinyesha yataingia. Mpira haushiki," Shem alimwambia. Akainama, akamwonyesha katundu kalipo na jinsi ya kukazibua kwa njiti ya kiberiti.

"Aa, nitatia taa mpya tu," Nzomo alisema. "Wewe njoo unifanyie kazi. Umelitunza vizuri kuliko dereva yeyote niliyemwona."

"Asante. Siwezi."

Nzomo aliondoka nalo kwa kasi, akageukia upande wa mjini. Hansa alimpa Shem saa ya mkononi iliyokuwa ya baba yake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akalia. Shem aliipokea. Alimshukuru.

Jioni Awiti alikuta banda tupu. Palikuwa na mstatili wa ardhi kavu mahali gari lilipokuwa limesimama, na madoa ya mafuta. Alimkuta mumewe ndani, ameketi kitandani.

"Limekwenda?"

"Limekwenda. Wametupa mpaka mwisho wa mwezi tuhame."

Awiti alianza kuchambua mboga. Kisha akauliza jambo ambalo Shem alikuwa bado hajamwambia, "Na mzee mwenyewe?"

"Alikufa."

"Pole. Lini?"

Shem angeweza kusema juzi, au mwaka huu. Alilifikiria hilo.

"Kabla," alisema. "Mwaka mzima kabla ya mtoto."

Mikono ya Awiti ilisimama juu ya sinia. Nje, Ratilal alikuwa amewasha redio yake, na taarifa ya habari ilisomwa yote mpaka ikaisha.

"Basi gari lilikuwa si la mtu," Awiti alisema.

"Halikuwa la mtu."

Awiti alichukua sinia akatoka nalo nje, akaketi kwenye kizingiti, akamalizia mboga huko huko, mgongo wake ukielekea ndani. Shem alimsikia akipenga kamasi. Alitaka kwenda kuketi naye, akainuka, akasimama nyuma yake mlangoni. Awiti hakugeuka, lakini baada ya kitambo alisogea kidogo upande mmoja wa kizingiti.

Shem aliketi. Hawakugusana. Walikaa hapo wakitazama banda mpaka ubaridi ulipowarudisha ndani, na mwisho wa mwezi wakahamia Kawangware, ambako Shem alipata kazi ya kusukuma mkokoteni sokoni. Hakuendesha gari tena maishani mwake. Mtoto mwingine hawakupata.