Ukucha wa Mwalimu Mkuu

Asubuhi hiyo niliondoka Kitale kwa sababu lori la mahindi lilisimama karibu nami na dereva akaniuliza kama naenda. Nikasema ndiyo. Sikuuliza wapi.

Saa nne alinishusha nje kidogo ya Bungoma, mbele ya shule ya msingi. Niliacha masomo darasa la sita, lakini shule zenyewe bado hunivuta kuzichungulia. Humo ndani walimu walikuwa wamepanga foleni pamoja na watoto, mikono mbele, na mpishi anakagua kucha!

"Afya hapa ni ya kila mtu," mpishi aliniambia, "kutoka darasa la kwanza mpaka ofisini. Mwenye kucha ndefu hanywi uji. Na wewe unataka nini?"

"Kazi, mama. Na pa kulala."

Kazi ilikuwepo: kuchimba choo cha walimu. Chumba pia, nyuma ya stoo.

"Leta mikono kwanza. Ati hiyo kucha ni ya nini?"

Ukucha wa kidole changu cha mwisho nilikuwa nimeufuga miaka miwili. Ulikuna sikio, ulifungua simu nyuma, na hakuna kilichokwangua kadi ya simu vizuri kama huo. Nikasita. Hapo nikamwona mwalimu mkuu mwishoni mwa foleni, mkono wa kushoto mfukoni. Mfugaji humjua mfugaji mwenzake.

"Nitakata," nikasema, "mwalimu akitoa mkono."

Watoto wakashangilia. "Mkono! Mkono!"

Akautoa polepole. Ukucha wake uliushinda wangu.

"Huu ni wa kufungulia barua za ofisi," akajitetea.

"Si ni wewe uliandika hii sheria, mwalimu?" mpishi akasema. "Uji inapoa, bana."

Nikamwomba wembe.

"Kila mtu na wake! Hakuna kuazimana." Akatoa nyembe mbili mpya mfukoni mwa aproni.

Watoto wakahesabu moja, mbili, tatu. Tukakata pamoja, tukiangaliana kama maadui wanaoweka silaha chini.

Nikapata uji, jembe na ufunguo. Chumba kilinuka maharagwe, lakini kitanda kilikuwa imara. Jua halijazama, mlango ukagongwa. Mwalimu mkuu alisimama hapo, kadi ya simu mkononi.

"Kijana, una kitu cha kukwangulia?"

Nikamwonyesha kadi yangu, nayo haijakwanguliwa.

"Nilikuwa nakuja kukuuliza wewe, mwalimu."