Nilivyomkatia mama tiketi ya Recife kwa kalenda ya mpunga

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naandika haya nikiwa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, shambani kwetu, kama saa moja kwa bodaboda kutoka Ifakara mjini. Kazi yangu leo ni kuamia ndege wasimalize mpunga. Mtu mwenye duka la vifaa vya umeme mjini ameishiaje huku akiwapigia ndege debe? Hiyo ndiyo stori, na ninaileta ilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mdogo wangu wa kike, nimwite Sabina, anaishi Recife, Brazili. Mji wa pwani, joto, minazi, mihogo, maembe. Zamani alikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mang'ula, akaja Mbrazili mmoja mpole kufanya utafiti wa nyani wa Udzungwa. Nyani akawapata, na dada yangu naye akampata. Ndoa ilifungwa hapa hapa, wakaondoka.

Mimba ya kwanza iliharibika wakiwa huko. Mama aliumia sana kwamba mwanawe amepita kwenye hilo bila yeye kuwepo. Akasema ikija nyingine, lazima awepo siku mtoto anazaliwa.

Ikaja nyingine. Nikaambiwa tu na ndugu, "Mpeleke mama."

Mimi ndiye mwenye simu nzuri na bando, kwa hiyo nikawa ofisi ya safari.

Wakuu, kupanga safari ya Recife kutoka Ifakara si mchezo. Basi mpaka Dar. Ndege ya kwanza, unashuka nchi nyingine, unasubiri. Ya pili inavuka bahari mpaka São Paulo. Halafu ya tatu, ya ndani ya nchi, mpaka Recife. Nilijifunza mambo ya connection, mizigo, viza na barua ya mwaliko mpaka mke wangu akawa ananiita afisa.

Mama yeye maswali yake yalikuwa mengine.

"Ndege inalala wapi njiani?"

Nikamwambia hailali mama, inakwenda tu. Akaguna.

"Na huko wanakula nini?"

Wali na maharage, karibu kila siku.

Uso ukamng'aa. "Kumbe ni watu tu!"

Sasa tuje kwenye kosa.

Anayeijua Kilombero anajua kwamba mpunga ukianza kutoa masuke, watu tunahamia shambani. Mama yangu, tangu nipate akili, hajawahi kuuacha mpunga wake na ndege angani. Hata baba alipofariki, matanga yalipoisha alirudi dunguni siku iliyofuata. Kwa hiyo mimi, mtoto wake mwerevu, sikumuuliza mtu. Nikakata tiketi ya baada ya mavuno, tena nikajisifu kimoyomoyo kwamba namjua mama yangu.

Mtaniuliza, na tarehe ya kujifungua je?

Kwetu kaka haulizi tumbo la dada yake lina miezi mingapi. Mama naye hawezi kukaa na mwanawe wa kiume wakaanza kuhesabu miezi hiyo. Na baada ya ile ya kwanza kuharibika, ndiyo kabisa hakuna aliyetaka kuitaja. Nilijua ni mwaka huu, nikadhani inatosha.

Nikampelekea tiketi shambani. Akaipokea kwa mikono miwili, akauliza ni ya lini, nikamwambia. Akautazama mpunga.

"Haya baba. Asante. Mungu akuzidishie."

Akaikunja ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikarudi mjini napiga mluzi.

Nyumbani mke wangu akaikuta nakala mezani.

"Mama anaenda kumlea mzazi au anaenda kwenye arobaini?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniangalia kwa huruma. Wifi yake alishamwambia kila kitu: zilikuwa zimebaki wiki tano. Tiketi yangu ilikuwa ya wiki ya kumi na moja.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulituuliza?"

Kesho yake asubuhi nikarudi shambani. Mama alikuwa juu ya dungu, kombeo mkononi. Nilikuwa na hasira na sijui nimkasirikie nani. Nikamuuliza kwa nini aliipokea tiketi ile na kunishukuru.

"Umehangaika sana na mapasipoti yako," akasema. "Nikajua labda nafasi za ndege ndizo hizo. Nikasema basi, hata nikikuta mtoto ameshazaliwa, si nitamwona."

Jamani, alikuwa tayari kuimeza ahadi yake mwenyewe ili mimi nisijione nimekosea. Nampenda sana huyu mama.

Nikauliza, na mpunga?

"Ndege nao wale. Mwakani nitalima tena."

Nikaona kumbe simjui hata kidogo.

Tarehe ikabadilishwa, faini nikalipa, hiyo tuiache. Kilichotubana ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nilikuwa nimeiweka mwisho kwa kuwa muda ulikuwepo, kumbe ukichanjwa unasubiri siku kumi ndipo kadi itambulike. Siku kumi hizo sitazisahau. Simu ya Sabina ikiita, nyumba nzima tunadhani ameshajifungua.

Mama alikuwa anasafiri peke yake na Kireno hajui. Sabina akatutumia sentensi, nikaziandika kubwa kwenye kadi za rangi, nikazivisha plastiki pale stationery. Ya kijani: naomba unioneshe geti. Ya njano: binti yangu ananisubiri Recife. Nyekundu: naumwa. Mama akazivaa shingoni.

São Paulo alipotea. Akakaa chini, akainua ya kijani na ya njano kwa pamoja. Mwanamke mmoja mfagiaji akazisoma, akaegesha ufagio, akamshika mkono mpaka getini. Jina lake hatulijui, ila mama anamwombea kila siku.

Alifika Recife siku sita kabla. Siku ilipotimia alikuwa mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, na mtoto alipotoka ni yeye aliyekabidhiwa kwanza. Wa kike, mzima. Sasa hivi anamkanda Sabina maji ya moto na kumpikia uji, na shemeji yangu mtafiti amepangiwa kufua nepi.

Mimi nikapanda dungu. Mke wangu yuko dukani, na anasema duka halijawahi kuwa safi hivyo.

Jana saa kumi jioni Sabina akapiga. Shamba zima mtandao unashika hapa juu tu. Akampa mama simu, mama akaisogeza kwa mtoto nimsikie. Katoto kalikuwa kanalia kwa nguvu zote. Na mimi nikakaa chini, machozi yakanitoka, debe nikaliweka pembeni.

Mama akarudi kwenye simu, akaanza kunieleza kanafanana na nani. Ghafla akakatisha.

"We! Hao ndege ninaowasikia si wako kwenye mpunga wangu?"

Nikageuka. Kundi zima lilikuwa limetua upande wa mfereji.

"Na wewe umekaa! Inuka!"

Wakuu, mimi nimejifunza hivi: ukimpangia mama safari, muulize anataka nini, hata kama unaona unamjua. Na pale heshima inapokufunga mdomo, mtume mkeo akuulizie. Mpunga nilidhani ndio roho yake, kumbe alikuwa anautunza kwa ajili yetu.

Aliyewahi kumsafirisha mzazi mbali kiasi hiki atuambie ilikuwaje, na anayeijua dawa ya hawa ndege kweleakwelea zaidi ya kelele asininyime. Nitajibu nikipata upenyo. Simu naiacha wazi hapa pembeni, maana leo akipiga nataka asikie debe tu.