Simu za Watiifu

Wanafunzi walimpa jina la Bi Mifuko na, kama ilivyo tabia yao, hawakumwomba ruhusa. Kabla ya hapo walimwita Bi Manyunyu, kwa kuwa alifundisha jiografia na hakuweza kueleza aina za mvua bila kuwanyeshea waliokaa dawati la mbele. Kwa hiyo jina jipya alilipokea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mifuko yenyewe aliishona kwa mkono wake. Alichukua pazia kuukuu, akakalia cherehani aliyoachiwa na mama yake, akatoa kitambaa kirefu chenye mifuko midogo midogo, kila mfuko na jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa kalamu nene. Akakitundika ukutani kwenye kidato cha pili, darasa lake. Mpango ulikuwa rahisi. Asubuhi kila mwenye simu anaitia mwenyewe mfukoni mwake, mkono wa mtu mwingine hauigusi. Mapumziko anaichukua, anaangalia nani kamtafuta, anairudisha. Mfuko wa juu kabisa ulikuwa wa Bi Mifuko mwenyewe.

Kisheria, simu zilikuwa marufuku pale shuleni. Mkuu wa shule alikuwa ameitangaza marufuku hiyo kwa herufi kubwa, kwa ujumbe wa simu. Na Mkuu huyohuyo ndiye aliyeamuru mazoezi yote yatumwe kwenye kundi la darasa, kwa simu, maana karatasi zilikuwa zimekwisha na mashine ya kurudufu ilikuwa imegeuka kiti cha paka. Mtoto asiye na simu alisemwa kwa kutofanya zoezi, na mwenye simu alirudishwa nyumbani kwa kuwa nayo. Watoto wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Wakaja na simu za mama zao, shangazi zao na dada zao, wakazificha ndani ya mkate, ndani ya kamusi iliyotobolewa katikati, na mahali pengine ambapo mwalimu mwenye adabu hapekui.

Bi Mifuko alichoka kupekua. Halafu siku moja alijikuta amejifungia chooni anasoma ugomvi wa walimu, kwenye kundi lao, juu ya nani kamaliza sukari ya ofisini. Kengele ikalia, ikalia tena, yeye bado anasubiri kuona mwalimu wa michezo atajibu nini. Alitoka miguu imekufa ganzi na hasira zimempanda, hasira juu yake mwenyewe. Akaenda darasani akawasimulia kisa kizima, choo na sukari na yote. Walicheka mpaka wakakohoa. Walipotulia akawauliza kama wanataka kuendelea kuishi hivyo au wajaribu kitu.

Mwanzoni simu yake ilining'inia pale peke yake kama chupi iliyosahaulika kambani. Kisha siku moja Kimya, binti wa muuguzi, ambaye simu aliyotembea nayo ilikuwa ya mama yake, akainuka na kuitumbukiza mfukoni. Jirani yake akafuata. Kufikia muhula wa pili mifuko mingi ilikuwa imevimba. Wachache waliendelea kuficha, na Bi Mifuko aliwajua wote kwa namna walivyoyatabasamia mapaja yao. Aliwaacha. Wangekuja wenyewe siku wakitaka. Kuwaburuta kungeua mpango mzima.

Basi Mkuu akaenda kwenye semina. Akarudi na kofia, begi la bure na maneno "matumizi salama ya teknolojia", ambayo aliyatamka kama mtu anayeonja divai ya wenyewe. Akamwalika mtaalamu aje azungumze na walimu. Mtaalamu alikuja na projekta, akazungumza adhuhuri nzima juu ya madhara ya kukodolea skrini, huku akionyesha skrini. Walimu walimsikiliza wameinamisha vichwa kwa unyenyekevu mkubwa, vidole gumba vinakimbia chini ya meza. Simu ya Mkuu iliita, naye akaipokea papo hapo, akamweleza aliyepiga kwa sauti ya mnadani kwamba yuko kwenye semina ya kupunguza simu.

Mwishoni mtaalamu alishauri jambo moja la maana: zungumzeni na watoto, mkubaliane nao, na ninyi muwe mfano. Bi Mifuko alitaka kusimama amkumbatie. Mkuu yeye alisikia "hatua kali". Mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akajitolea kuleta nyundo.

Msako ulifanyika siku iliyofuata. Ila kupekua watoto ni kazi ya jasho. Mtoto ana miguu, ana mdomo, na ana mzazi. Mkuu na mwalimu wa nidhamu walihangaika na vidato viwili wakaambulia simu moja iliyokufa na kipande cha mkate. Ndipo wakafika kidato cha pili. Darasa lilikuwa tupu, watoto wako uwanjani kwa mazoezi ya viungo. Na ukutani, loo, simu zimejipanga zenyewe, kila moja na jina la mwenyewe. Wakazikomba zote kwenye beseni. Ya Bi Mifuko peke yake waliitoa mfukoni mwake taratibu, wakaiweka mezani kwake kwa heshima zote, kama wanaweka yai.

Hilo ndilo lililomchemsha. Aliingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi. Mkuu alikuwa ameshawaandikia wazazi habari ya ushindi, na akamlaumu kwamba muda wote huo alikuwa na ghala la simu ukutani asiseme.

"Umewakamata watoto waliozileta wenyewe, Mkuu," alisema Bi Mifuko. "Waliokukaidi wote unao bado."

"Sheria ni sheria, Mwalimu."

"Sheria hiyo ndiyo inayowatumia zoezi la hesabu kila jioni?"

Mkuu akatazama skrini yake kama mtu aliyeitwa na mwenye nyumba. Simu zingevunjwa kesho asubuhi, mbele ya shule nzima. Mazungumzo yamekwisha.

Nyumbani, mumewe, karani mstaafu wa ofisi ya maji, alimsikiliza kijiko mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akamshauri, bila kuinua macho, afunge mdomo wake, pensheni iko jirani. Bi Mifuko alimpokonya simu, akaikalia. Mzee wa watu akabaki anaitazama sahani yake kama ndiyo kwanza anakutana na wali.

Asubuhi wanafunzi walipangwa mistari uwanjani. Mbele kulikuwa na meza, tofali la zege, beseni na nyundo mpya yenye kibandiko cha duka. Mkuu alihutubia juu ya utumwa wa simu. Kisha akawaomba walimu warekodi tukio ili wazazi walione, na safu nzima ya walimu ikainua simu juu kama watu wanaoshangilia mwanasiasa.

Bi Mifuko hakuitazama nyundo. Alikuwa anamtazama Kimya, naye Kimya alikuwa anamtazama yeye. Darasa lake lote lilikuwa linamtazama yeye, si Mkuu. Simu zote zimechukuliwa, ya mwalimu imerudi. Hata mjinga angejumlisha hapo.

Nyundo ya kwanza ilishuka kwenye simu ya kijana mmoja mrefu wa mstari wa nyuma. Kioo kikaruka, mwenyekiti wa wazazi akarudi nyuma akiikinga suruali yake. Mkuu akaingiza tena mkono kwenye beseni, akatoka na simu yenye ganda la waridi. Ilikuwa ya muuguzi.

Bi Mifuko akatoka kwenye safu, akaweka kiganja chake juu ya tofali.

Mkuu alishusha nyundo polepole, kando. Akatabasamu, maana wazazi wangeiona video, kisha akamtajia bei mbele ya watu wote. "Unawajua wanaoficha, Mwalimu. Nionyeshe, na hizi nazirudisha sasa hivi."

Bi Mifuko alikuwa anawajua. Mmoja alikuwa hatua chache tu kutoka alipo, anatazama viatu vyake kana kwamba vinataka kumtoroka. Akinyoosha kidole, simu ya muuguzi inapona, na hakuna mtoto atakayemwamini tena pale shuleni.

"Wanaoficha siwaoni," alisema. "Wanaozishika ninawaona." Akanyoosha mkono kwenye safu ya walimu. "Nianze na nani, Mkuu?"

Mikono ya walimu ikashuka mmoja mmoja. Kicheko kikaanzia kidato cha kwanza, kikasambaa hadi jikoni kwa wapishi. Mkuu akafoka, akamwagiza mlinzi amzuie huyu mama. Mlinzi akakumbuka ghafla kwamba lango halina mtu, akalikimbilia. Bi Mifuko akalibeba beseni kiunoni, akavuka nalo uwanja, huku nyuma Mkuu akimtajia barua, kamati, uhamisho na vitisho vingine vyote alivyojaliwa.

Darasani aligawa simu moja moja, mkononi kwa mwenyewe. Kijana mrefu alipewa vipande vyake, akavifunga kwenye leso. Bi Mifuko aliahidi kwamba Mkuu atailipa ile simu hata kama itabidi amfuate mpaka kitandani. Hakuna aliyecheka. Kimya alipokea ya mama yake, akaifuta kwa sketi.

"Wewe ndiye uliyewaambia, Mwalimu?"

"Sikuwaambia, mwanangu. Naapa."

Kimya aliitazama mifuko mitupu ukutani. "Lakini majina uliyaandika wewe."

Bi Mifuko naye akaitazama. Majina yalikuwa ya mwandiko wake, makubwa, mazuri, hata mwenye mtoto wa jicho angeyasoma. Binti akainama taratibu, bila kujificha, akaichomeka simu ndani ya soksi yake, akaivuta soksi juu na kukaa wima. Wengine wakainama vilevile, dawati kwa dawati. Wala hawakuwa na ujeuri. Walikuwa na adabu zote.

"Tuendelee na somo, Mwalimu," alisema Kimya.

Bi Mifuko akageukia ubao. Alikuwa ameandika mada, anatafuta mstari wa pili, ndipo Mkuu alipowatumia wazazi ujumbe kwamba zoezi limefanikiwa na simu hazionekani tena shuleni. Kwa kuwa simu za wazazi zilikuwa zimekaa pale darasani, soksi zote zikanguruma kwa pamoja.

Hakuna aliyeinama kusoma. Wote walikaa wima, macho mbele, wanafunzi wema kuliko alivyowahi kuwaona. Chaki ikamvunjikia mkononi. Akachukua nyingine, nayo ikavunjika.